Namba, mchoro au neno la siri: kidole chako kikariri kipi?

Simu janja mpya ukiiwasha, kabla hata hujamaliza kuweka laini, inakuuliza utaifunga kwa njia gani: mchoro wa nukta tisa, namba ya siri au neno la siri. Wengi hujibu haraka haraka kwa sababu wanataka kuingia WhatsApp, na jibu hilo la haraka ndilo wanaloishi nalo miaka. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Wateja wanaoniletea simu zilizojiloki hawaishi, na wengi wana kauli ileile: "Fundi, naijua kabisa, ila leo mkono umegoma."

Kauli hiyo ina ukweli kuliko wanavyodhani. Baada ya wiki chache hakuna anayefungua simu yake kwa kukumbuka, anaifungua kwa mazoea ya kidole. Kwa hiyo unapochagua usiishie kuuliza ipi ni ngumu kwa mwizi. Uliza pia ipi kidole chako kitaishika, ipi aliyekaa jirani ataiiba kwa macho, na ipi itakutupa siku utakayobadilisha simu.

Mkono unakumbuka nini

Kinachoitwa kumbukumbu ya misuli hakikai kwenye misuli. Kiko ubongoni, ila si pale panapotunza majina na tarehe. Aliyewafundisha watu jambo hili ni Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa, akatoka hawezi kuhifadhi jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha umbo la nyota kwa penseli huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku hadi siku mkono ulizidi kunyooka, na kila siku mwenyewe alisema kazi hiyo hajawahi kuifanya. Ni kama fundi nyavu wa Igombe: muulize fundo linafungwaje, atakwambia kwanza umpe sindano.

Mwaka 2002 mtafiti wa usingizi Matthew Walker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwafundisha watu kubofya mfuatano mmoja wa vidole, 4-1-3-2-4, kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho hakina tofauti kubwa na namba ya siri. Waliolala usiku mmoja waliamka na kasi iliyoongezeka kwa takriban asilimia 20 bila kuongeza makosa, ilhali waliokaa macho kwa muda kama huo mchana hawakupata nyongeza ya maana. Namba mpya, basi, ijaribu mara kadhaa jioni kisha ulale.

Ubaya wake ni kwamba mkono haukariri tarakimu, unakariri njia ya kupita. Ukihamisha vibonye, njia imepotea. Nilimpata mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kitochi chake kimekufa vibonye na ameshanunua simu janja. Akapiga menyu ya kutuma pesa kama kawaida, akafika pale pa kuweka namba ya siri, na simu ikamfungulia kibodi ya herufi, tarakimu zikiwa zimepangwa mstari mmoja juu kutoka 1 hadi 0. Dole gumba lake lilizoea kupanda, kushuka na kwenda pembeni ndani ya mraba. Sasa lilikutana na mstari. Akakosea, akarudia, akakosea tena.

"Mama, simama hapo hapo. Ya tatu usiijaribu."

"Sasa mwanangu nifanyeje? Namba yenyewe siijui, dole ndilo linaijua."

Nikampa kitochi kingine kisicho na laini, nikamwomba anigeuzie mgongo na abofye kama anayetuma pesa kwa mwanaye, bila kufikiri, halafu aangalie dole limepita wapi. Akageukia ukuta. Kimya kidogo, kisha kicheko: "Kumbe ni hii!" Nikamkumbusha afute kwanza kabla hajanirudishia.

Mtego huohuo uko kwingine. Simu na mashine ya ATM huweka 1-2-3 safu ya juu, kikokotoo na zile tarakimu za pembeni ya kibodi ya kompyuta huweka 7-8-9 juu. Anayeingiza namba kwa mkono tu hujikuta ameandika kitu kingine kabisa, na ataapa hajakosea.

Namba na mchoro, uso kwa uso

Hapa ndipo penye ubishi, kwa sababu vijana wengi wanapenda mchoro, ile wanayoiita pateni. Sababu yao naielewa. Mchoro ni mwendo mmoja usiokatika, na kidole huushika siku hiyohiyo. Hata asiyependa tarakimu anauweza.

Kwa hesabu tupu mchoro unashinda. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Mchoro wa nukta tisa, kwa kanuni za Android, una 389,112. Ila ukiishia kwenye nukta nne, ambacho ndicho kiwango cha chini, umebaki na michoro 1,624, yaani umeshuka chini hata ya namba ya tarakimu nne. Namba ya tarakimu sita ina milioni 1.

Hesabu hiyo ingetosha kama watu wangechagua kwa kubahatisha. Hawafanyi hivyo. Mwaka 2015 Marte Løge, mwanafunzi wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Norway, alikusanya michoro karibu 4,000 iliyobuniwa na watu. Asilimia 44 ilianzia kona ya juu kushoto, asilimia 77 ilianzia kona mojawapo kati ya nne, na zaidi ya asilimia 10 ilikuwa na umbo la herufi. Kwa yale yanayopita mezani kwangu, sishangai hata kidogo. Ukijua jina la mtoto wa kwanza wa mtu, umeshapata pa kuanzia.

Namba nazo zina uvivu wake. Ya kwanza ni 1234. Zinafuata miaka ya kuzaliwa. Halafu kuna 2580, ambayo ukiitazama kama tarakimu haina maana yoyote, ila ukiiweka kwenye vibonye unaona ni mstari ulionyooka wa katikati kutoka juu hadi chini. Hiyo haikuchaguliwa na kichwa, imechaguliwa na dole gumba. Na dole gumba la Mwanza linapenda njia zilezile linazopenda dole gumba la kwingineko, ndiyo maana anayebahatisha anaanzia huko. Simu ya Android humsimamisha sekunde 30 baada ya kukosea mara tano, kwa hiyo hawezi kujaribu namba zote 10,000. Anahitaji kumi za mwanzo ziwe za maana, na watu wanampa.

Msimamo wangu ndio huu, na ndio ninaoutumia kupima yaliyobaki: mkono ujifunze siri, lakini usiachiwe kuichagua.

Sasa macho ya jirani. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha jeshi la majini la Marekani na wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, waliwaonyesha watu video za mtu akifungua simu. Kwa kutazama mara moja tu, asilimia 64 waliweza kuurudia mchoro wa nukta sita. Kwa namba ya tarakimu sita waliweza asilimia 11 hivi. Mchoro ulipofichwa mistari yake, wakafika asilimia 35. Sababu iko wazi: umbo hukaa machoni, tarakimu sita za kubofya haraka hazikai. Fikiria unafungua simu ukiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, au umebanwa kwenye daladala la Buhongwa, kiwiko cha mtu kiko begani kwako. Mchoro wako wameuona watu wa siti nzima.

Halafu kuna alama inayobaki kwenye kioo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipiga picha za vioo vya simu mwaka 2010 na kuzichezea mwanga. Katika mipangilio ya taa na kamera waliyoijaribu, walisoma mchoro angalau kwa sehemu katika asilimia 92, na wote kamili katika asilimia 68. Hao walikuwa na vidole vya kawaida. Kwa anayepara sangara au anayeshika mafuta ya kukaangia sato, mchoro unaonekana kwa macho tu ukiinamisha simu kuelekea jua. Namba nayo huacha madoa, ila madoa hayasemi ipi ilitangulia, na mwendo wa mchoro huelekeza wenyewe.

Maji pia yanaupendelea upande mmoja. Kioo chenye matone hupotezana na kidole, na mwendo mrefu ukikatika katikati unaanza upya. Anayetoka ziwani na mikono mibichi atabofya tarakimu moja moja akafika. Atachora akachoka. Kioo kikipasuka na ukanda mmoja ukaacha kuhisi mguso, mchoro unaopita hapo hauchoreki tena. Namba inaweza kunusurika kama haina tarakimu iliyoangukia ukanda huo. Hilo la mwisho lina dawa lakini: waya wa OTG, ule mfupi wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, na mausi ya kompyuta. Simu nyingi za Android huikubali mausi, unachora au unabofya nayo, unatoa vitu vyako ndani kabla ya kubadilisha kioo. Usikubali fundi akuambie lazima aflashi simu wakati siri yako unaijua. Kuflashi ni kufuta kila kitu, na mara nyingi simu ikiwaka tena itadai akaunti ya Google iliyokuwamo.

Kwangu mimi, simu yenye pesa ndani ifungwe kwa namba ya tarakimu sita. Ukishikilia mchoro, uwe wa nukta saba au zaidi, usianzie konani, usiwe herufi, na kwenye mipangilio ya kufunga skrini zima ile sehemu inayoonyesha mstari unapochora. Kisha ufute kioo kwa khanga au shati. Najua ukifanya hayo yote raha ya mchoro imepungua, na ndiyo maana wengi hawayafanyi.

Asiyeona, au ambaye macho yamepungua, hana haja ya mjadala huu. Kitochi kinamshindia vyote: kibonye cha 5 kina kinundu, na kutokea hapo kidole kinajua vingine viko wapi.

Neno la siri refu

Kwenye simu neno refu linachosha, hasa kwa anayefungua mara nyingi kwa siku. Kwenye kompyuta ndipo linapong'ara. Vidole kumi vilivyozoea kibodi, vikianzia kwenye F na J zenye vinundu, huandika herufi ishirini bila kusita.

Ila hapa napo mkono ukiachiwa kuchagua unaharibu. Tazama 1qaz2wsx. Ina herufi na tarakimu, haipatikani kwenye kamusi yoyote, na mfumo mwingi utaipokea kwa shangwe. Ukiiandika unaona ni safu mbili za kibodi zilizoteremka kutoka juu kwenda chini. Imo katika orodha za maneno ya siri yaliyovuja, na programu za kubahatisha huanza na hizo.

Njia ya kueleweka iliwekwa na Arnold Reinhold mwaka 1995: unarusha dadu tano, zinakuelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776, unarudia mpaka upate maneno matano au sita. Dadu ndiyo inayochagua. Baada ya hapo viachie vidole viyakariri kwenye kibodi ileile. Ukienda kwenye stationery pale mjini kuchapa barua na kufungua barua pepe yako, utahisi vidole vikisitasita kwa sababu kibodi ni ngeni. Soma maneno kichwani, andika polepole. Maneno yana faida hiyo juu ya namba, kwamba kichwa nacho kina pa kuyashikia.

Njia ambazo hutazikuta kwenye mipangilio

Kuna wazo kwamba si lazima siri iwe ni nini unabofya, inaweza kuwa unabofyaje. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliosikiliza mawasiliano ya Wajerumani ya Morse, yale ya milio mifupi na mirefu, walimtambua mtumaji kwa mdundo wa mkono wake. Mwaka 1980 taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa ripoti iliyopima mdundo wa makatibu muhtasi saba kwenye kibodi na kuona wanaweza kutofautishwa. Leo baadhi ya benki duniani huchunguza mdundo huo kimyakimya kama nyongeza. Si kitu cha kuchagua wewe, na ukikatwa kidole na gamba la sangara mdundo umebadilika.

La kuvutia zaidi lilitoka mwaka 2012, kwa watafiti wa usalama wa kompyuta Hristo Bojinov, Dan Boneh na wenzao. Waliwafundisha watu mfuatano wa vibonye 30 kupitia mchezo wa kompyuta, vidole vikiwa kwenye S, D, F, J, K na L, kwa dakika 30 hadi 45. Baadaye watu hao waliucheza mfuatano wao vizuri kuliko mwingine wowote, lakini hawakuweza kuutaja. Lengo lilikuwa mtu asiweze kulazimishwa kusema siri, kwa kuwa hana cha kusema. Wazo zuri sana, ila fikiria umesimama kwa wakala, nyuma yako watu sita, unacheza mchezo ili utoe elfu ishirini.

Na alama ya kidole?

Si mwendo wala kumbukumbu, lakini lazima itajwe kwa sababu ndiyo mpinzani wa kweli. Tunaifahamu tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa vidole, na zile ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Kwa mtu wa ofisini ni raha. Kwa anayevuta kamba za nyavu, anayeshika chumvi na anayekata minofu, mistari ya kidole inalika, na simu inakataa mpaka hasira zije. Anaweza pia kufunguliwa simu akiwa amelala.

Ninachokilalamikia zaidi ni kingine. Simu ikizimwa na kuwashwa hudai namba, haikubali kidole. Na kwa kuwa alama ilikuwa inafanya kazi yote, mkono haujafanya mazoezi. Betri inaisha usiku, asubuhi unachaji, unawasha, namba haipo kichwani wala kidoleni. Ukitumia alama, basi ifungue kwa namba makusudi mara moja moja kwa wiki.

Ukishachagua

Kwa pesa za kwenye simu huna uchaguzi mpana, mitandao mingi hutaka tarakimu nne. Ulichonacho ni kuzichagua vizuri. Andika 0 hadi 9 kwenye vipande kumi vya karatasi, tia kwenye kikombe, chomoa kimoja, andika tarakimu yake, kirudishe, tikisa, chomoa tena. Ikitoka 1234 au mwaka wako wa kuzaliwa, rudia. Usitumie hiyohiyo kufungua simu, kwa sababu ile ya kufungulia simu ndiyo inayoonekana na watu mara nyingi. Kwenye menyu za kitochi tarakimu huwa wazi kwenye kioo unapozibofya, kwa hiyo kinga simu kwa mkono wa pili hata kama wakala ni shemeji yako.

Jifunze kwa vibonye utakavyotumia kweli. Kama una kitochi cha biashara na simu janja ya nyumbani, kidole kitahitaji njia mbili kwa namba moja, na kila moja ifanyiwe mazoezi yake. Siku mkono ukigoma, ishia jaribio la pili. Weka simu chini, fanya jambo jingine, kisha uishike kwa mkono uleule na mkao uleule uliouzoea, ubofye bila kutafakari. Huduma nyingi za pesa hujifunga ukikosea mara tatu, na kufunguliwa kuna foleni na kitambulisho.

Kabla hujauza au kubadilishana simu ya zamani, ibofye siri yako mara moja kwa utaratibu huku ukitazama vibonye, uiandike kwenye karatasi isiyo na jina lako wala la mtandao, na karatasi ikae nyumbani, isikae nyuma ya kava la simu. Nimeshakuta karatasi hizo nyuma ya makava, zikiwa zimeandikwa vizuri kabisa na namba ya laini juu yake.